Jamaa Wawili wa Oldupai

Wasikilizaji wetu, mchungaji wa Oloipiri huwapambanua ng'ombe wake kwa pembe na chapa. Wataalamu nao hupambanua viumbe kwa mifupa.

Mwaka 1959, huko Oldupai, katika wilaya hiyo hiyo ya Ngorongoro, Mary Leakey aliona fuvu lenye magego makubwa mno na ukingo wa mfupa utosini. Mumewe, Louis, aliliita Zinjanthropus, kwa jina la kale la pwani yetu, Zinji, akamdhania kuwa ndiye aliyechonga zana za mawe zilizokuwapo.

Baadaye ikalinganishwa mifupa ya jamaa yake, mwenye meno madogo na ubongo mkubwa zaidi. Huyu, mwaka 1964, akaitwa Homo habilis, mtu stadi. Sifa ya uchongaji ikahamia kwake. Ndipo twaona faida ya kulinganisha.