Nani alitusukuma kwenye daladala?



Jana narudi chuo nimesimama kwenye daladala, dereva akakata kona ya kulia kwa fujo, abiria wote tukalaliana kushoto. Jamaa yangu wa sheria akaniuliza, "Wewe si unasoma fizikia, nani katusukuma?" Nikamjibu, "Hakuna." Akacheka mpaka kituo kinachofuata.

Usiku nikakaa nikalifikiria, maana swali lenyewe ni la zamani. Waliokataa kwamba dunia inazunguka walikuwa na hoja nzito: kama inazunguka, mbona haturushwi angani kama tope la kwenye gurudumu? Galileo alijaribu kuwajibu mwaka 1632, ila hoja yake ilikuwa na kasoro. Mwaka 1659 Mholanzi Christiaan Huygens akapiga hesabu yenyewe. Nguvu hiyo akaiita kwa Kilatini vis centrifuga, yaani nguvu inayokimbia kati. Akaona kwamba kwenye duara lilelile, ukizidisha mwendo mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Madereva wetu wangelijua hilo!

Na dunia je? Pale ikweta nguvu hiyo ni 1/289 tu ya uvutano. Ndiyo maana haturuki. Lakini ipo: mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alifika Cayenne, karibu na ikweta, saa ya pendulumu iliyokwenda sawa Paris ikachelewa kama dakika mbili na nusu kwa siku. Sehemu ya sababu ni kuzunguka, sehemu nyingine ni dunia kutuna katikati.

Halafu mwaka 1687 Newton akaligeuza jambo. Jiwe la kwenye kamba halikimbii kati, linataka kwenda moja kwa moja. Kamba ndiyo inalivuta ndani. Mvuto huo akauita vis centripeta, nguvu inayotafuta kati, jina alilolitunga kwa kumuenzi Huygens.

Kwa hiyo jana miili yetu ilikuwa inanyoosha njia, gari ndilo lililokata kona. Aliyesimama barabarani haoni msukumo wowote. Ila sisi tuliomo ndani, tukitaka hesabu zetu zikubali huku tukilihesabu gari kama limetulia, lazima tuiandike nguvu ya kwenda nje.

Yaani tangu sekondari nakariri "haipo" bila kujiuliza haipo kwa nani. Jamaa yangu, samahani bwana. Soda juu yangu.

Tchao!