Matangazo ya Namba katika Mawimbi Mafupi: Usiri, Udhaifu wa Binadamu na Ushahidi wa Mwanahistoria

1.0 Utangulizi

Katika nusu ya pili ya karne ya 20, mtu aliyezungusha kitufe cha redio ya mawimbi mafupi usiku, akitafuta taarifa ya habari au muziki, aliweza kukutana na sauti ya mwanamke ikisoma tarakimu tano tano, bila kutaja jina la kituo wala kutoa maelezo yoyote. Baada ya dakika kadhaa sauti hiyo ilikoma. Matangazo ya aina hii yalisikika kwa Kijerumani, Kihispania, Kiingereza, Kirusi na lugha nyinginezo. Hayakumkusudia msikilizaji wa kawaida. Yalielekezwa kwa mtu mmoja au wachache waliokuwa na ufunguo wa kuyafasiri.

Makala haya yanajadili historia ya matangazo hayo kwa kuongozwa na swali moja: mwanahistoria anaweza kuandika nini kuhusu mawasiliano yaliyobuniwa ili yasiwe na maana kwa asiyehusika? Hoja inayotetewa hapa ni kwamba sehemu kubwa ya yale tunayoyajua inatokana na kesi za mahakamani na nyaraka za idara za ujasusi, yaani pale ambapo siri ilivuja. Aidha, ushahidi huo unaonesha kwamba kilichowaponza wahusika ni matendo ya kawaida ya binadamu zaidi kuliko udhaifu wa redio yenyewe.

2.0 Mfumo na Mantiki Yake

Mawimbi mafupi hurudishwa ardhini na tabaka la juu la angahewa liitwalo ayonosfia, na kwa sababu hiyo huweza kufika maelfu ya kilomita kutoka kwenye mtambo. Mpokeaji hahitaji chombo cha pekee. Redio inayouzwa dukani inatosha. Simu huacha kumbukumbu na barua hupita katika mikono ya watu wengi, lakini anayesikiliza redio chumbani mwake haachi alama. Dola hasimu iliweza kunasa tangazo na hata kukisia mtambo ulipo. Isingeweza kujua ni nani, miongoni mwa mamilioni ya wenye redio, aliyekuwa ameshika kalamu.

Usiri wa namba zenyewe ulitegemea daftari la matumizi ya mara moja. Mtumaji na mpokeaji walikuwa na kurasa zinazofanana, zilizojaa tarakimu zisizo na mpangilio. Kila tarakimu ya ujumbe ilijumlishwa na tarakimu ya daftari bila kubeba makumi: 7 ikijumlishwa na 8 huandikwa 5. Mpokeaji alitoa 8 katika 5, akikopa 10 pale inapobidi, akapata 7. Ukurasa ukishatumika, huteketezwa. Mwaka 1949 mwanahisabati wa Marekani Claude Shannon alichapisha uthibitisho kwamba mfumo huu hauwezi kuvunjwa, ili mradi tarakimu za daftari ni za kubahatisha kweli, zimebaki siri na hazitumiki tena. Masharti hayo ni rahisi kuyaeleza. Kuyatimiza kwa miaka mingi, katika vita au katika upweke wa ugenini, ni jambo jingine.

3.0 Kurasa Zilizorudiwa

Mfano wa kwanza hautokani na matangazo ya redio bali na telegramu, lakini unahusu daftari la aina hiyohiyo. Mwaka 1942, Umoja wa Kisovieti ukiwa katika vita vikali na Ujerumani, watengenezaji wa madaftari walizidiwa na mahitaji, na maelfu ya kurasa yakatolewa zaidi ya mara moja. Kuanzia mwaka 1943, wataalamu wa Marekani katika kituo cha Arlington Hall, jimboni Virginia, walilinganisha telegramu za Kisovieti na hatimaye wakagundua marudio hayo. Kazi hiyo, iliyojulikana baadaye kwa jina la Venona, ilichangia kumtambua mwanafizikia Klaus Fuchs, aliyekamatwa Uingereza mwaka 1950 kwa kutoa siri za bomu la atomiki. Serikali ya Marekani iliiweka wazi kazi hiyo mwaka 1995. Katika kisa hiki hisabati haikushindwa. Sharti lake moja lilivunjwa na watu waliokuwa na haraka.

4.0 Salamu za Siku ya Kuzaliwa

Mwaka 1956 Günter Guillaume na mkewe Christel walihamia Ujerumani Magharibi wakijifanya wakimbizi kutoka Mashariki, ilhali walitumwa na idara ya ujasusi ya Ujerumani Mashariki. Maagizo yao yalifika kwa redio katika vikundi vya namba. Mfumo uliotumika miaka hiyo ulikuwa dhaifu kuliko daftari la matumizi ya mara moja, na wataalamu wa Ujerumani Magharibi waliweza kuusoma. Walichokosa ni jina la mpokeaji.

Miongoni mwa jumbe zilizonaswa zilikuwamo salamu za siku ya kuzaliwa na, mwaka 1957, pongezi za kupata mtoto. Kwa kazi ya ujasusi, salamu hizo hazikuwa na habari yoyote. Bila shaka zilikusudiwa kumliwaza mtu aliye mbali na kwao. Zilikaa katika majalada zaidi ya miaka 15, hadi mwaka 1973 wachunguzi walipozilinganisha na tarehe za familia ya Guillaume, ambaye wakati huo alikuwa msaidizi wa karibu wa Kansela Willy Brandt. Tarehe zililingana. Guillaume alikamatwa tarehe 24 Aprili 1974 na akajitambulisha mwenyewe kuwa ofisa wa Ujerumani Mashariki. Mwezi uliofuata Brandt alijiuzulu. Hivyo, neno la upole lililosomwa kwa namba lilichangia kumwondoa madarakani kiongozi aliyekuwa akijenga maelewano na dola hiyohiyo iliyolituma.

5.0 Kompyuta Iliyokumbuka

Ana Belén Montes alikuwa mchambuzi katika idara ya ujasusi wa kijeshi ya Marekani tangu mwaka 1985, na baadaye akashughulikia masuala ya Cuba. Kwa muda wote huo aliitumikia Cuba. Hakuiba nyaraka, alizikariri kazini na kuziandika akiwa nyumbani. Maagizo aliyapokea kwa redio ya mawimbi mafupi, akaandika vikundi vya tarakimu tano na kuviingiza katika kompyuta yenye programu ya kuvifasiri.

Hapo ndipo mabadiliko ya teknolojia yalipogeuka kuwa hatari. Ukurasa wa karatasi ukiunguzwa umekwisha, lakini kompyuta huhifadhi hata kile kinachodhaniwa kimefutwa. Wapelelezi wa FBI walipoipekua nyumba yake kwa siri mwezi Mei 2001, walinakili diski ya kompyuta yake na kufufua maandishi ya mawasiliano hayo. Montes alikamatwa tarehe 21 Septemba 2001, akakiri kosa na kuhukumiwa kifungo cha miaka 25 mwaka uliofuata. Wahenga walinena kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata. Katika kesi hii kata ilitoa ushahidi.

6.0 Mipaka ya Ushahidi

Visa hivi vitatu vina kasoro moja ambayo mwanahistoria hana budi kuikiri: vyote ni vya walioshindwa. Jasusi aliyefuata masharti, akaunguza kurasa zake na kuzeeka kwa amani, hayumo katika kumbukumbu. Kwa mfano, hadi mwaka 2008 kituo kimoja kilichofungua matangazo yake kwa wimbo wa kienyeji wa Kiingereza kilisikika mara kwa mara, na wasikilizaji wa kujitolea walikihusisha na kambi ya jeshi la anga la Uingereza ya Akrotiri, katika kisiwa cha Cyprus. Jumbe zake zimerekodiwa kwa wingi, lakini hakuna hata moja iliyosomwa hadharani. Vilevile, mwaka 2016 redio ya Korea Kaskazini ilianza upya kusoma namba za kurasa na maswali, ikidai kwamba ni kazi ya marudio kwa wanafunzi wa elimu ya mbali. Sauti tunazo, maana hatuna.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba historia ya matangazo ya namba haiwezi kuandikwa kwa kutegemea redio peke yake. Namba zilizonaswa huthibitisha tu kwamba mtu fulani alizungumza na mwingine. Maana yake hupatikana katika kiwanda kilichozidiwa na kazi, katika salamu ya siku ya kuzaliwa na katika diski ambayo haikufutika. Kwa hiyo mtafiti asichukulie visa vilivyofichuka kuwa kipimo cha mfumo mzima. Vinatueleza namna siri inavyovunjika. Kuhusu siri zilizotunzwa, ushahidi tulionao ni ule ukimya uliofuata baada ya kikundi cha mwisho kusomwa.