Samaki hurejesha usikivu uliopotea, binadamu hawezi: kwa nini?

Ndani kabisa ya sikio la binadamu mna seli zenye vinyweleo vinavyopokea mitikisiko ya sauti na kuigeuza kuwa ishara ziendazo kwenye ubongo. Mtu huzaliwa na seli hizo zipatazo 15,000 tu katika kila sikio. Zikifa kwa kelele kubwa, uzee au dawa kali, hazioti tena.

Kwa samaki mambo ni tofauti. Anayechunguzwa zaidi ni Danio rerio, samaki mdogo mwenye milia, ambaye asili yake ni Asia Kusini. Mbali na masikioni, anazo seli za aina hiyo juu ya ngozi, zinazomwezesha kuhisi mwendo wa maji. Kwa kuwa mwili wa kifaranga chake hupenyeza mwanga, wanasayansi huziona kwa darubini zikifa na kuzaliwa upya. Kifaranga akitiwa katika maji yenye dawa ya neomaisini, seli hizo hufa ndani ya saa chache; baada ya siku mbili au tatu, nyingi huwa zimerejea.

Siri imo katika seli tegemezi zinazozizunguka. Seli zenye vinyweleo zinapokufa, baadhi ya seli tegemezi hugawanyika, na zile changa hugeuka kuchukua nafasi ya zilizokufa, zikiongozwa na jeni iitwayo atoh1. Mwaka 1988, tafiti zilibainisha kwamba ndege nao wana uwezo huo. Binadamu anayo jeni hiyo na seli tegemezi pia, lakini katika sehemu ya kusikia, yenye umbo la konokono, seli hizo huacha kugawanyika kabla hajazaliwa.

Suala hili si la maabara pekee. Neomaisini ni ya jamii moja na kanamaisini, dawa ya sindano iliyotumika kwa miaka mingi kutibu kifua kikuu sugu. Wapo wagonjwa waliopona kifua wakabaki viziwi. Mwaka 2018, Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipendekeza kanamaisini isitumike tena katika tiba ya muda mrefu ya ugonjwa huo.

WHO inakadiria kwamba watu zaidi ya milioni 430 duniani wanahitaji huduma kutokana na kupoteza usikivu. Maadamu tiba ya kuziotesha upya seli hizo kwa binadamu haijathibitishwa, kinga ya uhakika ni kuepuka kelele kubwa na kupima usikivu wa wagonjwa wanaotumia dawa za jamii hiyo.