Mapinduzi, Kutambua, Kuingilia: Maneno Matatu katika Mgogoro wa Tanzania na Uganda, 1971–1979



Jioni ya Januari 25, 1971, majirani zetu mjini Bukoba walikusanyika nyumbani kwetu kuisikiliza redio ya baba. Jeshi la Uganda lilikuwa limetwaa serikali wakati Rais Milton Obote yuko Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Mzee mmoja akauliza, "Haya nayo ni mapinduzi, kama yale ya Unguja?" Hakuna aliyemjibu. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, nimeketi chini karibu na mlango. Wanahistoria wameuandika mgogoro uliofuata kwa upande wa majeshi na mikataba. Jioni ya leo ningependa kulirudia swali la mzee yule kwa upande wa lugha, kwa kuwa naamini ugomvi wa Dar es Salaam na Kampala ulikuwa pia ugomvi juu ya nani ana haki ya kulitumia neno gani.

Tuanze na mapinduzi. Kitenzi pindua kilikuwa na maisha marefu pwani kabla ya wanasiasa kukichukua. Nahodha hukipindua chombo anapokigeuza kishike mwendo mwingine; hilo ni tendo la ustadi, na abiria hufika salama. Lakini chombo kilicholala ubavu na kuwamwaga watu baharini, nacho tunasema kimepinduka. Kauli ya kutenda humpa sifa mtendaji. Kauli ya kutendeka hutuachia maiti na mbao. Nomino mapinduzi haibagui baina ya mambo hayo mawili. Kiingereza na Kifaransa vina neno moja kwa umma unaouangusha utawala na jingine kwa wanajeshi wanaoamka usiku na kuizingira redio. Sisi tuna moja.

Baada ya Januari 12, 1964 neno hilo lilitukuzwa. Zanzibar ilipata Serikali ya Mapinduzi na Baraza la Mapinduzi, na tarehe hiyo ikawa sikukuu. Siku chache baadaye askari wa Tanganyika walipowakamata maofisa wao wa Kiingereza, tendo lao halikuitwa mapinduzi. Liliitwa maasi, na jina hilo limedumu. Basi yalipotokea ya Kampala, msemaji wa Kiswahili wa Tanzania alikuwa na neno la heshima na neno la aibu, akatakiwa achague. Njia iliyopatikana ilikuwa kuongeza kivumishi: mapinduzi ya kijeshi. Kwa maoni yangu dawa hiyo haikutosha. Kichwa cha habari hakina nafasi ya kivumishi, na msikilizaji hubaki na nomino tupu. Mwaka 1977, mgogoro ukiwa bado mbichi, nomino hiyohiyo iliingia katika jina la chama kipya kilichotokana na TANU na Afro-Shirazi.

Jambo moja husahauliwa. Tangazo la wanajeshi katika Redio Uganda, lenye sababu 18 za kumwondoa Obote, lilisomwa kwa Kiingereza, ilhali lugha ya kambini ilikuwa Kiswahili tangu enzi za KAR. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Hivyo mahasimu wawili walikuwa na lugha moja, na raia wengi wa Uganda walijifunza kuiogopa kwa sababu waliisikia kinywani mwa mtu mwenye bunduki. Sisi wanataaluma tuliolalamika kwa miaka mingi kwamba Waganda hawakipendi Kiswahili hatukuuliza vya kutosha walikisikia wapi.

Neno la pili ni kutambua. Uingereza iliitambua serikali ya Amin Februari 5, 1971, siku kumi na moja tu baadaye. Haraka hiyo, pamoja na kuwapo kwa washauri wa kijeshi wa Israel nchini Uganda, vilizidisha shaka ya Dar es Salaam kwamba kulikuwa na mkono wa nje. Tanzania ilikataa kuitambua serikali mpya, ikampokea Obote kama rais halali. Lakini katika Kiswahili kutambua ni kwanza kujua kitu ni kipi: mama humtambua mwanawe kwa sauti. Julius Nyerere alimtambua Amin vizuri mno kwa maana hiyo, ndiyo maana hakumtambua kwa maana ya pili. Matokeo yake yalikuwa mazito. Marais watatu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hawakukaa tena meza moja, na Jumuiya ikavunjika mwaka 1977. Mkutano wa wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliopangwa kufanyika Kampala mwaka 1971 ulihamishiwa Addis Ababa. Ulipofanyika Kampala mwaka 1975, Tanzania haikwenda.

Neno la tatu ndilo gumu. Mkataba wa Umoja huo, uliotiwa saini Mei 25, 1963, ulikataza nchi kuingilia mambo ya ndani ya nyingine. Ingia ni kitenzi kisicho na lawama. Kikivaa kiambishi cha kutendea hubadilika tabia: mtu huingilia mazungumzo, huingilia ndoa ya watu. Na mambo ya ndani kwa Mswahili ni ya chumbani, nyuma ya pazia. Marufuku hiyo ya kidiplomasia ilipotafsiriwa ilisikika kama adabu ya nyumbani, ambayo kila mtu aliyelelewa huiafiki. Ila adabu hiyohiyo inayo sharti jingine: ukisikia yowe usiku, hutoki tu kizingitini kuuliza kama umealikwa.

Hapa hatuna budi kusema kweli. Septemba 17, 1972 wafuasi wa Obote waliishambulia Uganda kutoka ardhi ya Tanzania, wakashindwa. Ndege za Amin zikaipiga Bukoba. Kwa kipimo chochote cha Mkataba wa 1963, kuwaachia watu wale wavuke mpaka kulikuwa kuingilia. Makubaliano ya Mogadishu ya Oktoba 1972 yalizitaka pande zote mbili ziondoe majeshi mpakani, zisiwahifadhi wapinzani wa mwenzake, na zikomeshe propaganda ya uhasama. Sharti hilo la mwisho humpendeza mwanaisimu: wasuluhishi walijua kwamba maneno nayo yalikuwa silaha.

Tarehe nayo ina kejeli yake. Januari 25, 1964, miaka saba kamili kabla ya Amin kutwaa madaraka, wanajeshi wa Uingereza walitua Tanganyika kuyazima maasi, kwa ombi la Nyerere mwenyewe. Na Obote aliomba msaada huohuo kwa ajili ya askari wake wa Jinja. Kule hatukusema wameingilia. Tulisema wameitwa. Tofauti yote ilikuwa katika kuwapo kwa mwenye nyumba wa kuita. Oktoba 1978, majeshi ya Amin yalipoivamia Kagera, Tanzania ilikuwa na haki ya kujilinda isiyohitaji kamusi. Lakini Aprili 11, 1979 Kampala ilipotekwa, swali la kuingilia lilirudi, na huko Monrovia mwezi Julai viongozi wa Sudan na Nigeria waliilaumu Tanzania waziwazi.

Umoja wa Afrika ulirekebisha sheria kwa Hati ya mwaka 2000: sasa Umoja unayo haki ya kuingia katika nchi mwanachama panapotokea mauaji ya kimbari au uhalifu wa kivita, na unalaani mabadiliko ya serikali yasiyofuata katiba. Fungu hilo refu la maneno linakwepa nomino yetu. Februari 2022 Kiswahili kilikubaliwa kuwa lugha ya kazi ya Umoja. Yalipotokea ya Niger, Julai 2023, na ya Gabon mwezi uliofuata, msemaji wa Kiswahili alikutana tena na chaguo lilelile, na mkalimani kibandani ana sekunde mbili tu za kuchagua. Nimewauliza wanafunzi wangu wa ukalimani wangesemaje. Wengi walisema "mapinduzi". Mmoja, anayetoka Pemba, alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza: yapi, Profesa?