Hospice Africa Uganda

Hospice Africa Uganda ni shirika lisilo la kiserikali linalotoa tiba shufaa nchini Uganda, yaani huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya watu wenye maradhi yasiyotazamiwa kupona, hasa saratani na UKIMWI. Makao makuu yako Makindye, Kampala. Matawi yako Mbarara na Hoima.

Historia

Shirika lilianzishwa mwaka 1993 na Anne Merriman, daktari mzaliwa wa Liverpool, Uingereza, ambaye kabla ya hapo alifanya kazi katika Nairobi Hospice nchini Kenya. Mfano wa hospisi za kisasa ni St Christopher's Hospice, iliyofunguliwa London mwaka 1967 na Cicely Saunders. Yeye alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa si ya mwili tu: yanachanganyika na hofu, upweke, shida za fedha na maswali ya kiroho. Ndiyo sababu hospisi hutumia timu, si daktari peke yake.

Timu

Kwa kuwa wagonjwa wengi wa Uganda huuguzwa nyumbani, timu huwafuata huko. Wamo wauguzi, madaktari, maafisa tabibu na wafanyakazi wa ustawi wa jamii. Watu wa kujitolea kutoka vijijini husaidia kuwatambua wagonjwa na kuwatembelea. Kiongozi wa dini huitwa mgonjwa akipenda.

Mofini

Kazi ya kwanza ni kutuliza maumivu, kwa sababu mtu anayeteseka hawezi kulala, kula wala kuzungumza na watu wake. Dawa kuu ni mofini ya maji, inayotengenezwa nchini kwa kuchanganya unga wa mofini na maji. Rangi hutofautisha nguvu ya kila mchanganyiko. Kwa kawaida hunywewa kila baada ya saa 4, pamoja na dawa ya kulainisha choo. Kwa kuwa madaktari ni wachache vijijini, mwaka 2004 Uganda iliruhusu wauguzi na maafisa tabibu wenye mafunzo maalumu ya tiba shufaa kuandika mofini.

Familia

Timu huja na kuondoka, lakini anayekesha na mgonjwa ni ndugu yake. Huyo hufundishwa kupima dawa, kusafisha vidonda, kumgeuza mgonjwa kitandani na kutambua dalili za kifo kinachokaribia. Timu husaidia pia mazungumzo yanayoogopwa: ukweli wa ugonjwa, wosia, madeni, na nani atakayelea watoto. Mazungumzo hayo yakiahirishwa mno, mgonjwa huweza kufa bila kusema alilotaka, na mjane au yatima huweza kubaki bila haki ya nyumba au shamba.

Huduma haikomi kwa mazishi. Wafiwa huweza kutembelewa ili kufarijiwa, na wanaolemewa na majonzi hupewa ushauri nasaha.