Buluu ya methilini

Buluu ya methilini (jina la kifamasia: methilthionini kloridi) ni kampaundi ogania yenye salfa, fomula C16H18ClN3S, inayotumika kama rangi, kitendanishi cha maabara na dawa. Ikiwa kavu ni unga wa fuwele za kijani iliyokolea; ikitiwa majini hutoa buluu nzito ambayo haitoki upesi vidoleni wala kwenye koti la maabara. Jijini Bujumbura, Burundi, kazi yake kubwa ni upimaji wa malaria na kifua kikuu.

Muundo

Molekuli ina pete tatu zilizoungana. Atomi ya salfa na moja ya nitrojeni hutazamana katika pete ya kati. Ikipokea elektroni hupoteza rangi, ikikutana na oksijeni hurudi buluu. Kwa sababu hiyo hutumika kupima maziwa mabichi: bakteria wakiwa wengi, rangi hupauka mapema.

Historia

Ilitengenezwa mwaka 1876 na Heinrich Caro wa kampuni ya BASF, Ujerumani, kwa ajili ya kutia rangi pamba. Robert Koch aliitumia alipowagundua bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882. Mwaka 1891 Paul Ehrlich na Paul Guttmann waliwapa dawa hii wagonjwa wawili wa malaria mjini Berlin, nao wakapata nafuu. Wengi huihesabu kuwa dawa ya kwanza ya kutengenezwa kiwandani kupewa binadamu dhidi ya maradhi. Mwaka 1904 Gustav Giemsa wa Hamburg alikamilisha mchanganyiko wake wa buluu ya methilini, azuri na eosini, ambao hadi leo unaitwa kwa jina lake.

Matumizi Bujumbura

Mji uko katika bonde la Imbo, kando ya Ziwa Tanganyika, penye joto na mbu mwaka mzima. Mgonjwa mwenye homa hutobolewa kidole, damu ikawekwa kwenye kioo: tone nene la kutafutia vimelea, na utando mwembamba wa kutambulia aina yao. Utando huimarishwa kwa methanoli. Tone nene haliguswi na methanoli, ili chembe nyekundu zipasuke na kuacha vimelea wazi. Kisha hufuata Giemsa iliyozimuliwa kwa maji yenye pH 7.2. Mwili wa kimelea hutoka buluu, kiini chake chekundu. Maji yenye asidi kupita kiasi huharibu rangi hiyo, na fundi mwenye macho mazuri kabisa anaweza kumkosa kimelea aliyepo. Kwa hiyo chupa ya maji hayo inastahili uangalifu uleule unaopewa hadubini.

Uzito wa kazi hii ulionekana katika mlipuko mkubwa wa 2000–2001, uliopiga hasa mikoa ya milimani, na tena Machi 2017, serikali ya Burundi ilipotangaza malaria kuwa janga. Mwaka 2016 pekee visa vilivyoripotiwa vilizidi milioni 8, katika nchi ya watu wapatao milioni 11.

Kwa kifua kikuu hutumika njia ya Ziehl-Neelsen. Makohozi hupakwa fuksini nyekundu na kupashwa moto, huoshwa kwa asidi, kisha hupakwa buluu ya methilini. Bakteria wa kifua kikuu, wenye ukuta wa nta, hubaki wekundu, na vingine vyote huwa buluu.

Upimaji wa maji

Vilindi vya Ziwa Tanganyika havina oksijeni na vina hidrojeni salfaidi. Gesi hiyo hupimwa kwa kuigeuza kuwa buluu ya methilini ndani ya chupa ya sampuli. Kadiri rangi inavyokoza, ndivyo salfaidi ilivyo nyingi.

Tiba

Hudungwa mshipani, miligramu 1–2 kwa kila kilo ya mwili, kutibu methemoglobinemia, hali ya damu kushindwa kubeba oksijeni. Ni hatari kwa wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD. Mkojo hugeuka kijani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kutoka Mali ulionyesha kuwa, ikiongezwa kwenye dawa mseto, huzuia haraka maambukizi ya malaria kwa mbu.

Hali ya sasa

Vipimo vya haraka vya malaria na mashine za GeneXpert za kupima kifua kikuu vimepunguza kazi ya vioo. Hata hivyo vipimo vya haraka havihesabu vimelea, kwa hiyo mgonjwa mahututi bado anahitaji Giemsa.