Rufiji: Mto Uliojenga Nyumba za Pwani

Maji ya kahawia unayoyaona yametoka mbali. Mito ya Kilombero na Luwegu hukutana na kuwa Rufiji, kisha Ruaha Mkuu huungana nao kabla ya korongo la Stiegler, ambako sasa kuna Bwawa la Julius Nyerere.

Kwa vizazi vingi Warufiji wamelima kwa kufuata mafuriko. Maji yakipungua, tope jeusi hubaki, nao hupanda humo mazao ya mlau bila kusubiri mvua. Mpunga hulindwa kutoka juu ya dungu, kibanda cha miguu mirefu: mkulima hulala humo, akifukuza ndege mchana na viboko usiku. Kazi hii inastahili heshima kubwa.

Huku deltani mto hugawanyika katikati ya mikoko. Angalia mizizi ya mkoko ilivyojipinda nje ya tope. Boriti zake zilisafirishwa kwa majahazi hadi Zanzibar na Ghuba ya Uajemi. Zilibeba dari za mawe, na urefu wake ndio uliopanga upana wa vyumba: kwa kawaida mita 3 hivi, au pungufu. Ndiyo maana vyumba vya kale vya pwani ni virefu na vyembamba.